Waya wa Chini ya Kitanda

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yule tetea mweusi aliyenunuliwa soko la Rongo alikuwa bado mgeni kabisa. Mchana alifungwa kwenye kigingi uani. Usiku alilala chini ya kitanda cha mama, kamba yake imefungwa kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu mlango wa jikoni haukuwa na kufuli, na vicheche wa kwenye shamba la miwa si watu wa kupiga hodi. Kumtoa kuku huyo kila asubuhi ilikuwa kazi ya Phelesia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na sharti: kuku awe nje kabla zamu ya mama haijaanza. Mama yake Phelesia, Bi Eucabeth, alikuwa muuguzi. Alihudumu hospitalini miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia kusimama mchana kutwa. Sasa alifanyia kazi nyumbani, chumbani mwake, ameketi mbele ya kompyuta na kuvaa hedifoni. Watu wenye wagonjwa walipiga simu ya afya, na simu hizo zilipita kwenye intaneti mpaka zikamfikia masikioni. Wenzake wa zamu waliongea Kiswahili na Kiingereza. Yeye peke yake alijua Dholuo, lugha ya Waluo, kwa hiyo mabibi wa visiwani wasiojua lugha nyingine walielekezwa kwake. Kuku akitetea chini ya kitanda wakati bibi anaeleza ugonjwa wa mjukuu wake, hilo lingekuwa jambo la aibu.

Intaneti ya nyumba hiyo iliingia sebuleni, katika kisanduku chenye taa kiitwacho ruta. Kutoka kwenye ruta, waya wa buluu ulipenya tundu la ukuta, ukaingia chumbani kwa mama, ukatambaa chini ya kitanda nyuma ya gunia la njugu, kisha ukapanda mezani mpaka kwenye kompyuta. Phelesia alikuwa ameuona waya huo mara nyingi wala hakuwahi kuufikiria.

Jumatatu hiyo alichelewa kuamka. Mama alikuwa bafuni, na sauti ya maji ilikuwa inaelekea kuisha. Phelesia aliinama chini ya kitanda, akamkuta kuku amezunguka usiku kucha mpaka kamba imejisokota kwenye mguu wa kitanda, kwenye gunia na kwenye kila kilichokuwa karibu. Mama alikuwa amemwagiza mara nyingi awashe tochi kwanza, afungue fundo polepole. Lakini tochi ilikuwa mbali na uvivu ulikuwa karibu. Phelesia alikimbia jikoni, akaja na kisu, akaingiza mkono gizani na kuanza kukata.

Kamba ilikatika. Kisha kisu kikagusa kitu kigumu kidogo, naye akadhani ni fundo, akakaza mkono na kuvuta kwa nguvu. Kitu hicho nacho kikakatika. Kuku alitoka mbio akipiga kelele, na Phelesia akavuta kipande kilichobaki mkononi kukitazama. Kilikuwa cha buluu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba umeme ungemrusha, akautupa waya sakafuni na kurudi nyuma. Hakuna kilichotokea. Akausogelea tena, akaona kwamba ndani yake mna nyaya ndogo ndogo nane: ya chungwa, ya kijani, ya buluu, ya kahawia, na nyingine zenye mistari myeupe za kufanana nazo. Maji ya bafuni yalikuwa yamenyamaza.

Mtu mwenye akili huogopa akafikiri, ila hofu ya Phelesia ilifikiri kwa niaba yake. Alimenya ncha za nyaya kwa meno, akafunganisha chungwa na chungwa, kijani na kijani, mpaka rangi zote zikapata wenzao. Kisha akachukua plasta nyeupe katika kisanduku cha dawa cha mama, akazungushia mahali alipounga, na kuusukuma waya nyuma ya gunia la njugu. Mama alipoingia amejifunga leso, Phelesia alikuwa amesimama katikati ya chumba na kisu mkononi.

"Kisu cha nini?" mama aliuliza.

"Nilikata kamba ya kuku, Mama. Ilikuwa imejifunga."

Hilo lilikuwa kweli, na mama aliguna tu. Akaketi, akawasha kompyuta, akavaa hedifoni. Phelesia alisimama nyuma ya mlango akisikiliza. Kompyuta iliwaka, kazi ikaanza, na mama akamsalimia mtu wa kwanza. Phelesia alienda shule akijiona fundi mkubwa.

Ufundi huo haukumaliza hata siku. Aliporudi jioni alimkuta mama amekunja uso. Sauti zilikuwa zinakatika, mama alisema. Mtu anaanza kueleza, anapotea, anarudi tayari yuko mwisho wa sentensi. Alikuwa amezima na kuwasha kompyuta, amezima na kuwasha ruta. Alijaribu hata intaneti ya simu, lakini pale nyuma ya miwa mtandao wa simu ulikuwa dhaifu kuliko huo wa waya. Watu wa kampuni ya intaneti walipima laini yao kutoka ofisini kwao, wakasema ni nzima mpaka kwenye ruta.

Kisha mama akamgeukia. "Phelesia, kuna kitu umegusa chumbani?"

Alimuuliza bila ukali wowote, na pengine ndiyo sababu ilikuwa vigumu kusema kweli. Phelesia alitazama vidole vya miguu yake. "Hapana, Mama."

Uongo ukishatoka mdomoni huwa haurudi peke yake. Usiku ule Phelesia hakupata usingizi. Kila mama alipokohoa chumbani, alidhani ameinama chini ya kitanda na kuuona waya wenye plasta. Magoti ya mama yalikuwa hayamruhusu kuinama hivyo, na Phelesia alijikuta anayashukuru magoti mabovu ya mama yake mwenyewe. Wazo hilo lilimwogopesha kuliko mengine yote.

Shuleni alimweleza rafiki yake Bhoke, ambaye wazazi wake walihamia Rongo kutoka Isebania. Bhoke alisikiliza huku akila muhogo, kisha akamwambia anyamaze. Wakubwa wataigundua shida wenyewe, alisema, na wakiigundua hawatajua nani alifanya. Ushauri huo ulimpendeza Phelesia kwa sababu ulifanana na alichokitaka. Hata hivyo hakuweza kumaliza chakula chake cha mchana.

Wiki ilivyosonga, mambo yalizidi. Mama alifanya usafi, maji ya kudekia yakaingia chini ya kitanda, na siku iliyofuata sauti zikawa zinakatika maradufu. Phelesia alimsikia mama kupitia mlangoni akirudia neno lile lile: "Unanisikia? Rudia, mama. Unanisikia?" Kila aliporudia, Phelesia alisogea mbali zaidi na mlango. Hatimaye mama alimpigia simu mkwewe aliyekuwa Homa Bay.

Mkwe huyo aliitwa Cephas. Alikuwa amemwoa Mourine, dada mkubwa wa Phelesia, na kazi yake ilikuwa kuvuta nyaya za intaneti katika ofisi na nyumba za watu. Alifika Jumamosi asubuhi na begi la vifaa mgongoni. Mama alimpokea kwa heshima, akamwita Baba Celestine kwa jina la mtoto wake, kisha akaelekea jikoni kumpikia, maana mkwe hafiki akaondoka na njaa. Zamu yake siku hiyo ilikuwa inaanza adhuhuri.

Sasa hapo palikuwa na jambo. Cephas alikuwa amepanda nguzo na mapaa ya Homa Bay bila woga, lakini pazia la chumba cha mama mkwe lilimshinda. Kwa mila za Kiluo, mkwe hatii mguu katika chumba anacholala mama mkwe wake, hata kama chumba hicho kina kompyuta iliyoharibika. Cephas hakuona ugumu wowote katika kuishika mila hiyo. Aliketi sebuleni karibu na ruta, akafungua kompyuta yake ndogo, akamwita shemeji yake.

"Phelesia, leo wewe ndiye macho yangu na mikono yangu huko ndani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, shemeji," alijibu.

Cephas alichomeka waya mfupi kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yake, akaandika maneno machache, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo. Akamweleza anachofanya, kwa sababu alipenda kufundisha. Sauti ya mtu ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo sana vinavyoitwa pakiti. Ni kama watu waliojipanga kupokezana matofali: kila tofali likifika, ukuta unasimama. Yakianguka njiani, ukuta una mashimo. Alikuwa anatuma pakiti na kuhesabu zinazorudi.

"Hapa kwenye ruta zote zinarudi," alisema. "Kwa hiyo watu wa kampuni hawakudanganya. Sasa ingia ndani, tupime kule."

Phelesia aliingia, akaandika kwenye kompyuta ya mama maneno aliyosomewa kupitia pazia, akasoma majibu kwa sauti. Kati ya kila pakiti kumi, tatu au nne zilikuwa hazirudi. Cephas akamwambia kutoka kule nje asukume kichwa cha waya kiingie vizuri. Akafanya hivyo, hali ikabaki vile vile. Cephas akahamisha waya kwenye tundu lingine la ruta. Bado.

"Sasa fanya hivi," alisema. "Ufuate huo waya kutoka ukutani mpaka mezani. Upapase wote kwa mkono. Uniambie kama kuna mahali umebonyea, umekatika au umeungwa."

Phelesia aliinama chini ya kitanda. Nyuma ya gunia plasta ilikuwa pale, imekuwa ya kijivu na imelowa. Aliweka mkono juu yake. Angeweza kusema. Sauti ya Cephas ilikuwa ya upole, mama alikuwa jikoni, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini alikumbuka ile "hapana" ya Jumatatu, akaona kwamba akisema sasa atakuwa amekiri makosa mawili, na hofu ikamfunga mdomo.

"Uko sawa, shemeji."

"Wote? Umeupapasa wote?"

"Wote. Hauna shida."

Alimsikia Cephas akichomoa waya wake mfupi. "Basi kama waya ni mzima na ruta ni nzima, shida iko ndani ya kompyuta."

Mama alipotoka jikoni, Cephas alimweleza hivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa mali ya watu wa simu ya afya, kwa hiyo ingebidi irudishwe kwao Kisumu ifunguliwe, na haikujulikana ingekaa huko kwa muda gani. Mama aliketi polepole kwenye kiti. Aliuliza nani atawajibu mabibi wa visiwani wakati huo. Wakakubaliana kwamba mama afanye zamu ya siku hiyo kwa kubahatisha, kisha Cephas aondoke na kompyuta.

Phelesia alikuwa amesimama pembeni akiusikiliza uongo wake ukifanya kazi. Alikuwa amewaza tu kwamba hatagunduliwa. Hakuwa amewaza kwamba mtu mzima mwenye akili angeuchukua uongo ule na kujengea juu yake. Alitamani Cephas amshuku, amwite mwongo, aingie mwenyewe akatazame. Cephas hakufanya hivyo. Alikuwa amemwamini.

Adhuhuri mama aliingia chumbani akafunga mlango. Cephas alikula, Phelesia akashindwa kula. Simu za mwanzo zilipita kwa shida, mama akirudia kila swali. Kisha sauti yake ikabadilika. Akaanza kuongea Dholuo, upesi, kisha kwa nguvu, kisha karibu kupiga kelele. Alikuwa anauliza swali lile lile kila mara: mtoto anakunywa? Dani, nyathi madho? Bibi, mtoto anakunywa? Halafu kimya. Kisha mama akaita mara mbili, na hakuna aliyeitika.

Mlango ulifunguliwa. Phelesia alikuwa amemwona mama yake amechoka, amekasirika, hata amelia msibani. Hakuwa amewahi kumwona ameogopa.

"Ni bibi mmoja wa kisiwa cha Mfangano," mama alimwambia Cephas. "Yuko peke yake na mjukuu mchanga. Mtoto anaharisha na kutapika tangu jana. Nimemuuliza kama anakunywa, jibu halikufika. Nimemuuliza kama macho yameingia ndani, jibu halikufika. Sijui kama amenisikia nikimwambia aende zahanati."

Cephas aliuliza kama anaweza kumpigia kwa simu ya mkononi. Mama alitikisa kichwa. Namba za wagonjwa hazionyeshwi kwenye kompyuta.

"Mama," Phelesia alisema, "huyo mtoto atakufa?"

"Sijui, nyathina, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe. Labda yuko sawa, labda hana saa nyingi. Sijui kwa sababu sikusikia."

Kwa wiki nzima Phelesia alikuwa anaogopa hasira ya mama, na hasira hiyo ilikuwa imemjaa kichwani mpaka ikaziba kila kitu. Sasa aliiona ilivyokuwa ndogo. Kulikuwa na mtoto kwenye kisiwa, na kati yake na mama palikuwa na plasta iliyolowa.

"Waya niliukata mimi," alisema. "Jumatatu, nilipokuwa nakata kamba ya kuku. Nikauunga, nikauficha nyuma ya gunia. Leo shemeji aliponiuliza, nilimdanganya."

Mama alimtazama. Cephas ndiye aliyesimama kwanza.

"Uliunga rangi kwa rangi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana waya ulikubali nusu nusu." Alikuwa tayari anafungua begi. "Hizo nyaya zimesokotwa mbili mbili kwa sababu maalumu. Ukizinyoosha na kuzifunga ovyo, zinasumbuana, na maji yakiingia ni mbaya zaidi. Ingia ndani. Ung'oe kabisa waya wa zamani. Mimi napitisha mpya hapa ukutani, wewe uvute. Mama, naomba uwapigie watu wako uwaambie yule bibi akipiga tena wamlete kwako."

Mama alichukua simu. Phelesia aliingia chini ya kitanda, safari hii na tochi. Alivuta waya wa zamani, na plasta ikaburuzika sakafuni mbele ya macho ya mama. Cephas alikata waya mpya kutoka kwenye bunda lake, akapanga nyaya ndogo kwa mpangilio wake bila kuzisokotoa zaidi ya ncha, akabana kichwa kwa koleo yake, na kuusukuma ndani ya tundu. Phelesia aliukamata upande wa pili, akauvuta taratibu ili usijikunje, akaupitisha ukutani badala ya sakafuni kama alivyoelekezwa, na kuuchomeka kwenye kompyuta. Kichwa cha waya kilimteleza mara ya kwanza.

"Pima," Cephas alisema nyuma ya pazia.

Alipima. Alisoma majibu moja baada ya jingine, na kila pakiti iliyotumwa ilirudi. Cephas alimwambia aache iendelee. Iliendelea, zote zikarudi. Phelesia hakufurahi. Alikuwa anaangalia ile taa ndogo kwenye kompyuta ambayo ingewaka kama bibi angepiga.

Walingoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kubaya kuliko wiki yote. Simu moja iliingia, ikawa ya kijana mwenye kikohozi kule Isebania. Mama akamjibu kwa upole, haraka haraka. Nyingine ikawa ya mtu aliyekosea namba. Cephas alikaa sebuleni bila kugusa chai yake. Phelesia alikaa sakafuni mlangoni akiomba kimoyomoyo, na sala yake haikuwa na maneno mengi zaidi ya kumwomba Mungu yule bibi ajaribu tena.

Bibi alijaribu tena. Phelesia alijua kwa namna mama alivyonyooka mgongo. Mama aliuliza kama mtoto anakunywa, akasikiliza, na safari hii hakurudia swali. Aliuliza kuhusu macho, kuhusu mkojo, akamwambia bibi abane ngozi ya tumbo na kuiachia, amwambie kama inarudi upesi. Akasikiliza tena. Kisha akasema kwa sauti tulivu, neno kwa neno, kwamba bibi asimsubiri mama wa mtoto arudi kutoka sokoni. Amfunge mtoto kifuani aende zahanati sasa hivi, na njiani ampe maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara, kijiko kwa kijiko, hata kama anatapika. Alimwomba bibi arudie maagizo yote, na bibi aliyarudia. Baada ya hapo mama alipiga simu zahanati ya kule kuwaarifu wamngoje.

Phelesia alilia pale sakafuni. Alilia kimya, uso kwenye magoti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni simu ya mama ililia. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto amefika akiwa hoi, macho yamelegea, wamemtundikia maji, na sasa amefungua macho na analia kwa sauti. Wangechelewa kidogo tu, muuguzi alisema, asingependa hata kufikiria. Mama alishukuru, akaweka simu mezani, akafunika uso kwa viganja vyake.

Cephas alikuwa anafunga begi, kwa kuwa safari ya Homa Bay ilikuwa mbele yake. Kabla ya kuondoka alimwita Phelesia.

"Shemeji, nataka nikwambie kitu cha kazi yangu," alisema. "Waya ukiwa mbovu, nina kipimo cha kuniambia. Ruta ikiwa mbovu, nina kipimo. Mtu sina kipimo chake. Uliposema waya ni mzima, nilikuwa tayari kubeba kompyuta nzima niipeleke Kisumu na kuacha ubovu chini ya kitanda. Fundi hawezi kutengeneza kitu alichofichwa."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Mikono yako ni mizuri, umevuta waya vizuri leo. Siku nyingine iende pamoja na mdomo wa kweli." Alimshika bega, akaagana na mama mkwe kwa adabu, na pikipiki yake ikapotea nyuma ya miwa.

Wakabaki wawili. Phelesia aliosha vyombo vyote bila kuambiwa, akavipanga, akavifuta tena. Mama alimwacha mpaka alipokosa cha kufuta. Kisha akamwita aketi karibu naye.

"Wiki nzima uliogopa nini?" mama aliuliza.

"Nilijua utakasirika, Mama."

"Ningekasirika. Ningekuchapa maneno mpaka masikio yawashe, kwa sababu nilikuagiza uwashe tochi na ukafanya uvivu. Kisha tungempigia Cephas, angekuja Jumanne, na Jumanne ile ile tungekuwa tunacheka. Katika kazi yangu nimeona watu wengi wanaficha ugonjwa kwa aibu, wanakuja wakati dawa haisaidii tena. Ndiyo maana wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikidhani msemo huo ni wa wagonjwa tu. Kosa nalo ni vile vile. Likisemwa mapema linauma siku moja. Likifichwa linaendelea kuoza huko lilipo, na anayeumia anaweza kuwa mtu ambaye hata hukumjua."

Phelesia alitaka kusema kwamba hatarudia, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Hasira yangu huisha kabla chai haijapoa, unalijua hilo," mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Yule mtoto hakuwa na muda wa kungojea hofu yako iishe."

Phelesia aliinamisha kichwa kwenye bega la mama. Mama hakumsukuma. Alimshika mkono, ule ule uliokata waya na kuuvuta mpya, akaushikilia mpaka giza likaingia.